Nani Ameshika Nguo? Somo la Usuluhishi



Anayekaa kati ya pande mbili ili zikubaliane ana majina mawili. Wa biashara ni dalali. Wa ugomvi ni msuluhishi. Imamu Bukhari amenakili kwamba Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Ama msuluhishi, Suratul Hujurat aya ya 9 inaamrisha usuluhishi wa uadilifu. Je, uadilifu huo tuupimeje?

Tuanze na sira. Mtume (s.a.w.) akiwa na miaka 35, kabla ya utume, Makuraishi waligombania nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake katika Al-Kaaba. Alilitia juu ya nguo, kila ukoo ukashika upande, wakaliinua pamoja, kisha akaliweka kwa mkono wake. Hakuna aliyekuwa na dai akaachwa nje.

Sasa tuje kwetu. Nchi hii imezaliwa na mapatano. Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, kwa niaba ya IGAD, alisimamia mazungumzo yaliyozaa Itifaki ya Machakos, 20 Julai 2002. Kisha kule Naivasha John Garang na Ali Osman Taha wakakaa ana kwa ana, na tarehe 9 Januari 2005 mkataba kamili ukatiwa saini Nairobi. Vita vya zaidi ya miaka 20 vikafungwa, na njia ya kura ya Januari 2011 ikafunguka. Hilo ni jambo kubwa.

Lakini nguo ilishikwa na pande mbili tu: Khartoum na SPLM. Makundi mengine yenye silaha huku Kusini yalibaki nje, ikabidi Azimio la Juba la Januari 2006 liyaingize. Nao watu wa Abyei waliahidiwa kura yao. Januari 2011 ikapita bila kura hiyo.

Funzo ni hili: msuluhishi husifiwa siku ya saini, ila hupimwa siku ya utekelezaji. Basi ukiitwa kesho kusuluhisha mahari, au mpaka wa kiwanja hapa Atlabara, usianze na masharti. Uliza kwanza: nani ana haki katika jambo hili, na hayupo hapa mkekani?

Allah atujaalie tuwe wenye kusuluhisha kwa haki. Amin.