Maabara si chumba cha uani

Haya mdogo wangu, sogea tuongee. Umemaliza utarajali wako hapo Upanga, sasa unataka ubingwa wa maabara, na nyumbani hakulaliki. Mama analia: "Tumekusomesha udaktari ukapime mikojo?" Usimkasirikie. Hata huko Kariakoo ukitaja daktari, watu wanamuwaza yule anayezunguka wodini. Yule aliyeinamia darubini nani anamwona?

Mweleze taratibu. Mteknolojia wa maabara anaendesha vipimo, na kazi yake ni nzito na ya heshima. Daktari bingwa wa maabara ndiye anayeulizwa na madaktari wenzake: majibu haya yana maana gani, na je, tuyaamini? Mpe mfano huu. Majibu ya mgonjwa yanaonyesha potasiamu imepanda vya kutisha na kalsiamu imeshuka mno, lakini mwenyewe amekaa kitandani anakunywa uji. Wodi nzima imeshikwa na kiwewe. Bingwa anauliza swali moja tu: damu hii imetoka kichupa gani? Kumbe damu ilikuwa haitoshi, mtu akamimina ya kichupa cha kifuniko cha zambarau kwenye kichupa kingine. Ile dawa ya kuzuia damu isigande ina potasiamu, na tena inakamata kalsiamu. Tatizo lilikuwa kichupani. Angetibiwa kwa majibu yale, angeumizwa bure. Mama akiyasikia hayo, hatataja mikojo tena.

Sasa zamu yako kusemwa. Ninyi vijana mnapenda kuchanganya ufadhili na mafunzo. Ukisikia "nafasi ya nje" tu, umeshapiga picha ya pasipoti! Naelewa, mwenzako anaposti picha za theluji na wewe unaona umebaki nyuma. Wala si wewe peke yako. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ngazi zenyewe ni hizi: shahada ya udaktari, mwaka mmoja wa utarajali, halafu uzamili wa tiba. Chuo kikuu cha afya cha MUHAS, hapo hapo Upanga, wanafundisha patholojia, himatolojia na uongezaji damu, na mikrobiolojia na kinga. Ubingwa bobezi unakuja baada ya hapo. Kipo pia Chuo cha Wanapatholojia wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COPECSA, ambacho nacho hutoa ubingwa kwa wanaofaulu mitihani yake. Usiruke ngazi, mdogo wangu, utateguka.

Na kabla hujasaini chochote, uliza. Nani atanisimamia? Nitasoma slaidi na kuandika majibu mwenyewe, au nitasimama nyuma ya watu mwaka mzima nikitazama? Cheti hicho Baraza la Madaktari Tanganyika litakitambua? Mwajiri akinipa ruhusa ya masomo, atanidai miaka mingapi ya utumishi? Wapo wanaoona aibu kuuliza, wakidhani wataonekana wana maneno mengi. Aibu ya kuuliza inaisha siku hiyo hiyo. Ya kurudi na cheti kisichosajiliwa unakaa nayo, na ada hairudi.

Sikukatazi kwenda nje. Profesa Julie Makani alisoma Muhimbili, akaenda London na Oxford. Mwaka 2003 akapata ufadhili wa Wellcome Trust wa kusomea uzamivu, na utafiti wake ukawa juu ya ugonjwa wa selimundu hapa hapa Tanzania. Mwaka 2011 akapewa tuzo ya Royal Society Pfizer. Umeona mpangilio wake? Alikuwa na swali la nyumbani, na ufadhili ukalifuata swali. Wewe unataka kuanza na tiketi ya ndege, swali utalitafuta ukifika. Hapo ndipo ninapokukatalia.

Basi fanya hivi. Fomu ya maombi iache kwanza. Nenda kwa bingwa mmoja, mwombe kwa adabu ukae naye maabara wiki moja. Ukiona kufika saa sita mchana umeshachoka na slaidi, rudi wodini, hakuna atakayekucheka. Ukiona jua limezama hata hukulihisi, jaza fomu bila woga. Mama mpe muda, atazoea. Ila usije ukasomea ubingwa kwa ajili ya picha za theluji. Kazi hiyo utaifanya mpaka ustaafu.