Tairi Lenye Meno Lisilouma: Vidokezo 9 kwa Wenye Pikipiki wa Kitui na Makueni

Kila Desemba mambo ni yale yale. Mtu anashuka basi pale Kabati au Wote, anafika kwao, anafunua turubai. Pikipiki imelala tangu Pasaka. Anapangusa vumbi, anapiga kiki, inawaka. Anatupia jicho matairi: meno bado yamesimama kama ya mamba. Safari! Kona ya kwanza yenye unyevu, gurudumu la nyuma linamponyoka.

Tairi hufa vifo viwili: kusagika na kuzeeka. Mwendesha bodaboda hulisaga kabla halijazeeka. Mwenye pikipiki ya nyumbani hulizeesha kabla halijasagika. Na wote wawili wanaweza kuuziwa dukani tairi ambalo tayari limezeeka.

1. Soma tarehe ya kuzaliwa. Piga goti, utazame ubavuni mwa tairi. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho wa mstari huo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Usipoziona, zunguka upande wa pili, kwani mara nyingi huchapwa upande mmoja tu. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Wafungie watoto bembea.

2. Lipime kwa ukucha. Bonyeza jino la tairi. Mpira ulio hai hubonyea kidogo na kurudi. Uliokufa ni kama unabonyeza kibuyu. Kisha chungulia chini ya mifereji na ubavuni. Ukiona vinyufa kama vya tope la bwawa lililokauka, usitafute ushauri zaidi, tafuta tairi. Chanzo ni hiki: kiwandani mpira huchanganywa na mafuta ya kuulainisha na nta ya kuukinga na hewa ya ozoni. Jua, joto na hewa hula kinga hiyo polepole. Nta hutokeza juu tairi linapojikunja barabarani, kwa hiyo lisilotembea ndilo hupasuka mapema. Pikipiki ya Krismasi haipumziki, inazeeka.

3. Kumbuka 5 na 10. Kampuni ya Michelin hushauri kwamba tairi likishatumika miaka 5, fundi alikague angalau mara moja kila mwaka; na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, litupwe hata kama sura yake bado inapendeza. Lakini hicho ni kikomo cha juu kabisa. Kwa jua la Kibwezi na Mutomo, usisubiri kalenda ikuamulie. Ukucha ukikataa mwaka wa sita, usiubishie.

4. Kipara kina alama yake. Ndani ya mifereji kuna vijinundu vidogo vya mpira. Juu yake, ubavuni, mara nyingi huandikwa TWI au huwekwa pembetatu ndogo. Meno yakishuka hadi usawa wa vijinundu hivyo, tairi limekwisha. Usikubali lichongwe mifereji mipya kwa kisu cha moto. Kuchonga hakuongezi mpira, kunaupunguza, na kilichobaki ndicho kinachokutenganisha na nyuzi.

5. Chagua kwa njia yako, si kwa njia ya jirani. Anayeshinda kwenye lami ya Kibwezi hadi Kitui anahitaji tairi la barabara: meno mapana, mifereji ya kutoa maji, mpira mwingi unaogusa lami. Anayepanda vilima vya Mbooni na Kilungu, lami kidogo na murram nyingi, anahitaji la mchanganyiko. Meno marefu yaliyoachana ni ya anayevuka mchanga wa mito mikavu na udongo mweusi kila siku. Ukiyapeleka kwenye lami yatavuma kama nyuki, yataisha upesi, na siku ya mvua yatakosa mshiko. Ujue pia kuna pahali tairi lolote huomba msamaha: kwenye drifti, mvua za Novemba zikishamwaga mchanga juu ya lami. Hapo dawa ni kupunguza mwendo kabla ya kufika, si kukanyaga breki ukiwa katikati.

6. Soma nambari kabla ya kusoma bei. Maandishi kama 3.00-17 yana maana: upana wa inchi 3, rimu ya inchi 17. Rudia kipimo kilichokuja na pikipiki yako. Kisha tazama nambari ya mzigo. Ukiona 50P, 50 ni uwezo wa kubeba kilo 190, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Sasa piga hesabu ya siku ya soko: gunia la ndengu la kilo 90, mwendeshaji wa kilo 70, na sehemu ya uzito wa pikipiki yenyewe. Tairi la nyuma liko ukingoni, na bado hujapita njia ya mawe. Usinunue lenye nambari ndogo kuliko la awali kwa sababu ya tofauti ya shilingi mia mbili.

7. Dukani, uliza umri kwanza. Kiwanda cha Sameer Africa, kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana jijini Nairobi, kilifunga uzalishaji mwaka 2016. Matairi mengi ya pikipiki tunayonunua leo yametoka India na China, yakakaa melini, ghalani, kisha yakaning'inia nje ya duka la spea yakipigwa na jua. "Jipya" maana yake halijatumika tu. Soma tarakimu nne papo hapo. Likiwa na miaka mitatu au minne, liache, au angalau bei ishuke.

8. Funga jipya kwa heshima. Tairi jipya, tyubu mpya: tyubu iliyojaa viraka vya miiba ya mgunga itakuangusha njiani. Mshale ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu. Usihamishe tairi chakavu la nyuma kwenda mbele, maana ukikaba breki uzito mwingi hukimbilia mbele, na huko ndiko unakohitaji mshiko zaidi. Halafu endesha taratibu kilomita 150 za kwanza; ngozi ya tairi jipya huteleza mpaka ikwaruzike.

9. Likinge likiwa limelala. Egesha kivulini, kwa stendi ya katikati, matairi yakiwa na upepo wa kutosha. Weka mbali na dizeli, oili chafu na karakana ya kuchomelea vyuma, kwa sababu cheche za umeme huzalisha ozoni. Na yule kijana wa kuosha pikipiki mwambie asipake matairi mafuta yang'ae. Kung'aa ni kwa viatu vya Jumapili.

Kabla hujaiweka simu mfukoni, toka nje na tochi yake, uzisome zile tarakimu nne, mbele na nyuma. Ukiona mwaka ambao mtoto wako wa darasa la nne alikuwa bado hajazaliwa, usiwashe pikipiki hiyo kwa safari ya kesho.