Kompyuta ya Marehemu Baba

*Shangazi, shikamoo. Marehemu baba alirudi na Commodore 64 kutoka masomoni Uingereza miaka ya themanini. Kaka ameona mtandaoni moja kama hiyo imewekwa mnadani kwa dola 5,000. Anataka iuzwe tugawane. Dada anasema ni yake, ndiye aliyemuuguza baba. Tangu Idi hatusalimiani. Tufanyeje?*
*Kitinda mimba, Ng'ambo, Tabora*

Marahaba mwanangu. Poleni kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichoniuma ni hilo la kutosalimiana, kwa sababu mnagombania hela ambayo haipo.

Dola 5,000 ni bei aliyoitaka muuzaji. Yeyote anaweza kuweka kitu eBay na kukiandikia bei aipendayo, kikakaa miezi bila mnunuzi. Kaka yako afungue orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa. Huko ndiko iliko bei iliyolipwa. Atakuta Commodore 64 nzima, inayowaka, ikienda kwa dola mia moja, mia mbili na ushee. Hapo bado hajatoa nauli ya mzigo kutoka Tabora.

Huenda amesikia habari za Apple-1 iliyonunuliwa dola 905,000 mnadani New York mwaka 2014. Ni kweli. Lakini Apple-1 zilitengenezwa kama 200 tu, wakati Commodore 64 ziliuzwa kwa mamilioni. Ya baba yenu ilionekana ya ajabu kwa kuwa serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, hivyo hapa kwetu zilikuwa za kuhesabu. Mnunuzi wa Ulaya haoni ajabu hiyo.

Nanyi ni watu wa Tabora, mfano mnao nyumbani. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walifua sarafu hapo kwenu. Ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, zilitoka kama 16,000, na leo wakusanyaji huinunua kwa maelfu ya dola. Heller 20 za shaba, hizo zilizotuachia neno hela, zilizidi milioni moja. Mji mmoja, mwaka mmoja, lakini bei zake hazikaribiani hata kidogo.

Jambo jingine: msiichomeke kwenye umeme kujaribu. Kile kifaa chake cha kupunguza umeme kikizeeka hupandisha volti na kuunguza chipu za ndani. Fundi akipime kwanza.

Dada naye aelezwe kwa upole kwamba mashine hiyo ni mali ya mirathi. Si yake wala ya kaka mpaka mirathi igawanywe. Siku hiyo ikifika, mimi ningependa apewe yeye, na nyinyi wawili mridhie. Usiku wa kumgeuza mgonjwa kitandani ni mrefu, mwanangu, na anayeupitia hubaki akitafuta kitu cha kushika.

Wewe ndiye mdogo, basi nenda kwake jioni hii. Usianze na kompyuta. Mwamkie, uulize habari za watoto, na akikuwekea chakula, kula.