Mwache Mzee Ashike Simu Mwenyewe

Wenzangu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza shule, nataka kuwaeleza jambo ambalo wengi wetu hulifanya vibaya tuendapo nyumbani likizo. Jambo lenyewe ni kuwafundisha wazazi wetu wazee kutumia simu za kisasa. Msinidhanie kuwa mwalimu. Mimi nilikosea kwanza, na kosa langu nusura liwatenganishe ndugu wawili.

Baba yangu ana umri wa miaka 67. Tunakaa Kimironko, si mbali na soko, ambako alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipodhoofika. Alikulia ukimbizini huko Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda baada ya mwaka 1994. Dada yake aliolewa hukohuko, naye sasa yuko kijiji kimoja karibu na Bukoba. Kaka yangu mkubwa yuko Ubelgiji. Mimi ni kitinda mimba, na wakati wa muhula nakaa bwenini, mahali ambapo simu haziruhusiwi. Basi mzee huyu ana jamaa wengi, lakini wote wako mbali naye.

Kaka alipomletea simu ya kugusa kioo, nilimfundisha kwa nusu saa. "Baba, gusa hapa. Sasa hapa. La, siyo hapo!" Alipokawia, nilimpokonya simu nikafanya mwenyewe. Hata salamu za shangazi nilimjibia kwa maneno yangu: "Sisi wazima, asante." Mwishowe Baba alisema, "Nimeelewa, mwanangu." Nikafurahi, nikarudi shuleni.

Kumbe alikuwa ameelewa jambo moja tu, yaani kuipokea simu inapolia. Kaka alipopiga, walizungumza vizuri. Lakini kwa shangazi mtandao ni hafifu, na simu hukatika katikati ya maneno. Kwa hiyo yeye hapigi, hutuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp.

Nilipokuja likizo, Baba aliniambia kwa huzuni, "Shangazi yako amenisahau siku hizi." Nilifungua simu nikakuta jumbe zake 11, hata moja haijasikilizwa. Katika ule wa nne alieleza kwamba amelazwa hospitali. Katika ule wa mwisho sauti yake ilikuwa ndogo: "Kaka, kama nimekukosea, niambie." Baba aliusikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa kitini. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Katika nchi yetu twajua gharama ya jamaa kupoteana. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Msalaba Mwekundu ulipeleka barua fupi za watu waliokuwa wakitafutana. Mwaka huohuo BBC ilianzisha matangazo ambayo yalisoma majina ya waliopoteana, nayo yakaitwa Gahuzamiryango, yaani yenye kuunganisha jamaa. Watu waliketi kando ya redio wakingoja kusikia jina moja tu. Nami, mwenye chombo cha kupeleka sauti Bukoba kwa nukta moja, nilikuwa nimeacha jumbe 11 zilale bila kusikilizwa!

Basi nilianza upya, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, simu ikae mkononi mwa mzee. Wewe weka mikono yako nyuma, useme tu. Kidole chake kikipotea njia, mwache arudi mwenyewe. Mfundishe jambo moja kwa siku, na kesho yake umwombe akufundishe wewe lilelile. Akiweza, ndipo uendelee. Mwenda pole hajikwai.

Pili, itengeneze simu imfae yeye. Nilikuza herufi, nikaweka lugha ya Kiswahili, na majina ya shangazi na kaka nikayabandika juu kabisa ya orodha, yenye picha zao. Tena nilizuia video zisijipakue zenyewe, kwa maana ndizo zinazomaliza kifurushi kabla ya juma kwisha.

Tatu, anza na sauti, maandishi yafuate. Mzee ambaye macho yamechoka hana haja ya kutafuta herufi moja moja. Nilimwonyesha alama ya kipaza sauti: aibonyeze, aseme, aachilie. Kidole kikichoka, akisukume juu mpaka kwenye kufuli, naye ataendelea kusema bila kubonyeza. Nilimwonyesha pia alama ya ujumbe usiosikilizwa, ambayo mimi sikuwa nimemtajia kamwe.

Nne, mkinge na walaghai bila kumtia hofu. WhatsApp hutuma namba ya siri yenye tarakimu 6 mtu anapojiandikisha. Anayeomba namba hiyo ni mwizi, hata akijiita mwanawe. Jamaa akiomba fedha kwa maandishi, Baba hana budi kumpigia kwanza na kuisikia sauti yake. Tena ujumbe wenye mishale miwili umepitishwa na watu wengi, kwa hiyo asiupeleke mbele kabla ya kuuliza.

Tano, usimjibie. Neno hili ndilo kubwa kuliko yote. Ukiandika kwa niaba yake, jamaa hupata habari, lakini yeye hawampati.

Siku ya sita Baba alichukua simu, akatoka kibarazani peke yake. Nilimsikia akikohoa, akinyamaza, halafu akasema, "Dada, ni mimi. Sikujua kwamba uliniita. Nilidhani wewe ndiye uliyenyamaza." Aliendelea kwa dakika 4, akamwuliza habari za ugonjwa, na ndizi, na watoto wa marehemu mjomba. Mengine sikuyajua kabisa, nisingaliweza kumwandikia.

Jibu lilikuja usiku. Shangazi alikuwa akicheka na kulia pamoja. Alisema, "Zile salamu za maandishi sikuzisadiki. Leo nimesikia kikohozi chako, nikajua kwamba ndiwe."

Ndugu zangu, likizo i karibu. Tutakapofika nyumbani, tusiwaonyeshe wazee wetu jinsi tulivyo wepesi wa vidole. Tuketi karibu nao, tuwe wavumilivu kama walivyovumilia walipotufundisha kutembea. Na kabla ya kurudi shuleni, kila mtu amwombe mzazi wake atume ujumbe mmoja mbele yake, bila msaada. Akishindwa, bado hatujamfundisha.