Kupima na Kufunga Vishikio vya Kabati

Katika Morogoro Mjini mafundi seremala wengi hufanya kazi kando ya barabara. Hupanga nje vitanda, meza na makabati ili wapita njia wayaone. Mbao zinazopendwa ni mninga na mtiki. Mtiki hupandwa katika mkoa huu huu, huko Mtibwa. Mbao hizo ni ghali.

Fundi hukata mbao, hupiga randa, huunga na kusugua kwa msasa. Kazi hiyo huchukua siku nyingi. Mwisho hufunga vishikio. Hiyo ni kazi ya muda mfupi tu, lakini inaweza kuharibu kazi yote. Tundu likitobolewa mahali pasipofaa, haliponi. Ukiliziba kwa gundi na vumbi la mbao, alama itaonekana. Mteja ataiona alama hiyo kabla ya kuona uzuri wa mninga. Atataka bei ipungue, au atakataa kabati. Basi tujifunze kupima kabla ya kutoboa.

Tuanze na droo ndogo yenye kishikio kimoja. Kishikio hukaa katikati. Upana wa droo ukiwa sentimita 40, nusu yake ni sentimita 20. Kama huna futi ya kupimia, chukua ukanda wa karatasi. Ukate uwe sawa na upana wa droo. Ukunje mara moja, ncha juu ya ncha. Mkunjo ndio katikati. Njia hii haikosei, na haihitaji hesabu.

Vishikio vingi vya dukani vina skrubu mbili. Pima nafasi kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la pili. Mara nyingi ni milimita 96, yaani sentimita 9.6. Nusu yake ni 4.8. Kwa hiyo, katika droo yetu, tundu la kwanza ni 20 kutoa 4.8, yaani sentimita 15.2 kutoka ukingo wa kushoto. Tundu la pili ni 20 kujumlisha 4.8, yaani sentimita 24.8.

Droo pana huwekwa vishikio viwili. Hapa mafundi hubishana. Tuseme droo ina upana wa sentimita 60. Fundi wa kwanza huigawa mara nne. Huweka vishikio kwenye sentimita 15 na 45. Fundi wa pili huigawa mara tatu. Huweka vishikio kwenye sentimita 20 na 40. Kwa macho, zote mbili zinapendeza. Lakini kabati si la kutazamwa tu. Msikilize mama huyu aliyerudi kwa fundi wake:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Kabati linasemaje?"

"Droo inakwama."

"Vuta kwa mikono miwili, mama."

"Mkono mmoja nimembeba mtoto. Huo wa pili nitautoa wapi?"

Mama ana haki. Ukivuta droo pana kwa upande mmoja, inakwenda mshazari na kubana. Kishikio kikiwa mbali na katikati, inabana zaidi. Kwa hiyo kugawa mara tatu ni bora kwa nyumba yenye kazi nyingi. Kishikio kimoja kirefu katikati ni bora zaidi.

Sasa tutazame milango. Kishikio hukaa upande usio na bawaba. Kabati la chini, kiweke karibu na kona ya juu, ili mtu asiiname sana. Kabati la ukutani, kiweke karibu na kona ya chini, ili hata mtu mfupi akifikie. Kabati refu la nguo, kiweke kwenye usawa wa mkono, kama sentimita 100 kutoka sakafuni.

Milango miwili ikikutana katikati, vishikio vyake hutazamana. Hapo ndipo mwanafunzi wa ufundi hukosea. Hulaza milango yote miwili juu ya meza, akaitoboa yote upande wa kushoto. Mlango mmoja umeharibika. Kwanza ifunge milango kwenye kabati, kisha tia alama kwa penseli.

Kabati likiwa na milango au droo nyingi, tengeneza kigezo. Chukua kipande cha ubao mwembamba kilichonyooka. Kitoboe matundu mahali panapotakiwa, mara moja tu. Andika JUU kwenye ukingo wa juu. Kisha kiweke kwenye kila droo, ukianzia ukingo ule ule. Usipime droo ya pili kutoka kwenye kishikio cha droo ya kwanza. Ukikosea milimita 1 kila mara, droo ya tano itakuwa imekosea milimita 4, na jicho litaona.

Kabla ya kutoboa, gonga nukta kwa msumari ili kekee isiteleze. Bana kipande cha ubao usiofaa nyuma ya droo. Bila hicho, mbao hupasuka vipande upande wa pili.

Skrubu ipite kutoka ndani ya droo na kukaza kishikio kwa mbele. Ubao wa unene wa sentimita 2 unataka skrubu ya sentimita 3 hivi. Masika, kati ya Machi na Mei, mbao hunyonya unyevu na kuvimba. Watu huvuta droo kwa nguvu. Kishikio kilichoshikwa na skrubu fupi hubaki mkononi.

Mazoezi

1. Droo ina upana wa sentimita 90. Igawe mara tatu. Vishikio viwili vitakaa wapi?

2. Droo ina upana wa sentimita 48. Ina kishikio kimoja chenye nafasi ya sentimita 12.8 kati ya matundu. Kila tundu litakuwa umbali gani kutoka ukingo wa kushoto?

3. Tazama kabati la nyumbani kwako, au la jirani. Pima vishikio vyake. Je, viko sawa?