Kupandisha kasi ya i5-2500K kwenye ubao wa H61

Swali: Nina prosesa ya Intel Core i5-2500K kwenye ubao mama wa H61. Wenzangu huifikisha gigahezi 4.5, lakini kwenye BIOS yangu sioni pa kuongezea kasi. Nifanyeje?

Jibu: Prosesa yako inakubali, ubao ndio unaokataa. Kasi hupatikana kwa kuzidisha saa ya msingi, megahezi 100, kwa kizidisho: mara 33 ni gigahezi 3.3. Herufi K maana yake kizidisho hakikufungwa, ila Intel iliruhusu kukibadilisha kwenye chipseti kama P67, Z68 na Z77. H61 haimo.

Inabaki saa ya msingi, na hapo nakusihi usiiguse. Katika kizazi hiki cha mwaka 2011, saa hiyohiyo huendesha pia SATA na PCI Express. Ukiisogeza hadi 104 au 105 unaongeza asilimia chache tu usizoweza kuzihisi, huku mashine ikiweza kuganda na mafaili kwenye diski kuharibika. Kazi zako zina thamani zaidi kuliko asilimia hizo.

Badala yake safisha vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka chini ya feni, kisha weka diski ya SSD kama bado hujaweka. Tofauti yake utaiona siku hiyohiyo. Ukitaka 4.5 kweli, tafuta ubao uliotumika wa Z68 au Z77 wenye soketi ya LGA 1155, na feni kubwa zaidi. RAM yako ya DDR3 itahamia huko. Kabla ya kulipa, kagua pini za soketi kwa tochi: ikiwa hata moja imepinda, uache ubao huo.