Kinga na Kingamwili: Tafakuri Kuhusu Watoto Walioambukizwa Korona

Utangulizi

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili huambiwa kwamba masuala ya maradhi ni ya daktari, naye ajishughulishe na ushairi, riwaya na sarufi. Hata hivyo, ujumbe wa daktari humfikia mzazi kwa maneno, na maneno ndiyo taaluma yetu. Makala haya yanachunguza swali moja: mtoto aliyeambukizwa virusi vya korona hubaki na kinga kwa muda gani? Tunashikilia kwamba jibu haliwezi kueleweka barabara bila kutenganisha dhana mbili: kinga na kingamwili.

Maana ya kukinga

Kitenzi kukinga kina maana zaidi ya moja. Mtu hukinga pigo kwa ngao, yaani hulizuia. Vilevile hukinga maji ya mvua kwa pipa, yaani huyapokea na kuyaweka. Tunaposema kwamba mtoto ana kinga, huwa tunafikiria ngao: ama anayo, ama hana. Kingamwili zinakaribia zaidi maana ya pili. Hizi ni protini ambazo mwili huziunda baada ya kukutana na vimelea vya maradhi. Kiasi chake katika damu hupimika, nacho hupungua kadiri muda unavyopita. Lakini mwili huhifadhi pia chembe za kumbukumbu, ambazo huweza kuunda kingamwili nyingine adui yule yule arejeapo. Kwa hivyo kingamwili ni sehemu ya kinga, wala si kinga yote.

Ushahidi wa kitakwimu

Mwaka wa 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika jimbo la Texas, Marekani. Watoto na vijana 218, wenye umri wa miaka 5 hadi 19, walipimwa damu mara tatu. Miongoni mwa waliokuwa na kingamwili zitokanazo na maambukizi, asilimia 96 waliendelea kuwa nazo hadi miezi saba baadaye. Waliougua wakaonyesha dalili na wasioonyesha dalili yoyote hawakutofautiana katika jambo hili.

Utafiti huo huo ulibainisha kuwa asilimia 58 ya watoto hawakuwa na kingamwili hizo katika kipimo cha tatu. Msomaji mwenye pupa atadhani takwimu hizi zinapingana. La hasha! Asilimia 96 ni ya walioambukizwa. Asilimia 58 ni ya watoto wote, na wengi katika kundi hili hawakuwa nazo tangu awali. Kiambishi au kirai kimoja kikiachwa katika tafsiri, habari njema hugeuka kuwa tisho.

Fauka ya hayo, kuwa na kingamwili si hakikisho la kutoambukizwa tena. Omikroni ilipozuka mwishoni mwa mwaka wa 2021, watu wengi waliokuwa wamewahi kuambukizwa walipata maambukizi mapya, kwa kuwa kirusi kilikuwa kimebadilika.

Mfano wa nyumbani

Tofauti hii si ngeni kwetu. Mtoto mchanga huzaliwa na kingamwili za surua alizopewa na mamaye. Hizo ni za kuazima: mwili wake haukuziunda, hivyo hauna kumbukumbu yake, nazo hufifia katika miezi ya mwanzo. Chanjo ikitolewa mapema mno, kingamwili za mama huweza kudhoofisha kazi yake. Ndiyo sababu mojawapo ya chanjo ya surua nchini Kenya kutolewa mtoto afikapo miezi 9, kisha miezi 18.

Hitimisho

Mzazi akiambiwa "kinga imekwisha", atashikwa na hofu isiyo na msingi. Akiambiwa "mtoto ana kinga", huenda akapuuza chanjo hata kama mwanawe ana maradhi ya kudumu yanayomweka hatarini. Kauli zote mbili ni fupi, na zote mbili zinapotosha. Tunapendekeza kwamba kila anayetafsiri au kutangaza habari za aina hii ajiulize maswali matatu: kilichopimwa ni nini? Kilipimwa kwa nani? Na baada ya muda gani? Akipata majibu, na aseme "kingamwili zimepungua" pale zilipopungua, wala asiongeze neno. Usahihi wa namna hii tunaudai katika uhakiki wa fasihi. Afya ya mtoto haistahili kupewa pungufu.